Anayejua Kusoma Aende Sauti ya Pili

Siku ya kujaribiwa kwa kazi yangu ya kwanza nilivaa gauni la kuazima na viatu vya dada yangu, nikatoka kwetu Majengo kwa miguu saa nane mchana mpaka kanisa moja kubwa la mjini. Nilikuwa na miaka ishirini. Kanisa hilo lilikuwa limetangaza kwamba linataka waimbaji wanne wa kuajiriwa, mmoja kwa kila sauti, ambao kazi yao ingekuwa kukaa katikati ya wanakwaya wa kujitolea na kuwashikilia wasipotee njia. Siku hizi mkisikia mtu ameajiriwa kuimba mnafikiri ni hotelini. Zamani zetu kulikuwa na watu wachache Mombasa walioajiriwa kuimba muziki wa maandishi, yaani ule ulioandikwa noti kwa noti kitabuni, ambao mwimbaji haruhusiwi kuutia chumvi yake.

Kiongozi wa Kwaya alikuwa mwanamume mfupi, nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alinisimamisha mbele ya chati ya solfa, ile karatasi ndefu ya ukutani iliyoandikwa do, re, mi kutoka chini kwenda juu kama ngazi, akachukua fimbo. Fimbo inapogusa, unaimba. Akaanza polepole, kisha akarukaruka, akarudi nyuma, akanitega kwa nusu sauti, ile hatua fupi kati ya noti mbili. Wengi huanguka hapo, maana kuimba ulichokisikia ni jambo moja na kuimba unachokiona ni jambo jingine. Mimi sikuanguka. Mwalimu wangu wa shule ya msingi alikuwa akituchapa kwa kila noti tuliyoikosea, na siku hiyo nilimsamehe.

"Huyu anasoma," Kiongozi akamwambia mpiga kinanda. "Mpe kitabu cha sauti ya pili."

"Samahani, Bwana," nikasema, "mimi huimba sauti ya kwanza. Huko juu ndiko kwangu."

"Ya kwanza huimbwa na kila mtu. Hata kasuku ukimfundisha ataiimba. Anayejua kusoma aende sauti ya pili."

Nilieleze jambo hili taratibu, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kwaya kamili ina sauti nne. Ya kwanza, soprano, ni ya juu ya wanawake, na mara nyingi ndiyo inayobeba wimbo wenyewe, ule ambao mtu huuimba akioga. Ya pili, alto, iko chini yake, inapita vichochoroni, na huwezi kuipata kwa kusikiliza tu. Basi kwaya zetu, ambazo wasomaji wa noti ni wachache, zina desturi yake: wasiojua kusoma huwekwa sauti ya kwanza wakafundishwa kwa masikio, na wanaojua kusoma hupelekwa ya pili. Hakuna anayeuliza koo la mtu limeumbwaje. Ni desturi ya watu wenye haraka, ambao Krismasi i mlangoni au tamasha li mwezi ujao. Sauti yangu iliponea chupuchupu. Sauti nyingine, nzuri kuliko yangu, niliiharibu mimi kwa desturi hiyo hiyo, tena nikijua ninachofanya. Wenzangu niliofundisha nao watasema naivua shule nguo. Na waseme.

Nilikaa sauti ya pili miaka saba. Kazi yenyewe ilikuwa mazoezi siku tatu kwa wiki, ibada mbili Jumapili, na kila Krismasi oratorio, ambayo ni hadithi ya Biblia inayoimbwa mwanzo hadi mwisho, watu wamesimama tu bila kuigiza. Katika oratorio kuna nyimbo za kwaya na nyimbo za mtu mmoja mmoja. Zile za soprano aliziimba bibi mmoja, mke wa mkubwa fulani, mwenye sauti ya kutosha na asiyejua kusoma hata noti moja. Mnadhani nani alipewa kazi ya kumfundisha? Kila mwaka, kuanzia Oktoba, nilikaa naye kwenye chumba cha nyuma nikimwimbia kipande kwa kipande mpaka kikamkaa. Ikifika siku yenyewe yeye alisimama mbele akapigiwa makofi, na mimi nilikuwa mstari wa tatu nyuma yake naguna noti zangu za chini. Sikumchukia yule bibi. Nilimchukia Kiongozi wa Kwaya, na ningali, ingawa ni marehemu na najua haifai.

Mwaka wa saba mpiga kinanda aliugua, akaletwa bibi wa Kigoa kutoka Mji wa Kale aliyeitwa Miss Olinda. Alikuwa mzee hata wakati huo, na miwani yake ilifungwa kwa uzi. Alinisikia nikimfundisha mke wa mkubwa, akasubiri yule bibi aondoke, akanifuata.

"Wewe ndiyo umeimba ile ya juu?"

"Nilikuwa namwonyesha tu, Miss."

"Unakaa sauti gani hapa?"

"Ya pili."

"Nani aliweka wewe huko?"

Nikamwambia. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akasema, "Huyo mtu mwizi. Kesho saa tisa njoo nyumbani kwangu. Na kuanzia leo usiimbe ya pili hata kidogo, hata ukiwa peke yako."

Kuacha kuimba ya pili maana yake ilikuwa kuacha kazi. Niliiacha. Kiongozi wa Kwaya aliniambia, "Utarudi," na hakuniaga.

Miss Olinda alikaa ghorofani, kwenye kichochoro cha nyuma ya Ngome, na piano yake ilisimama miguu ndani ya mikebe ya mafuta ya taa ili mchwa wasiipande. Unyevu wa Mombasa ulikuwa umeshazila sauti noti tano, naye alizikwepa bila kuangalia. Miezi mitatu ya kwanza hakuniruhusu kuimba wimbo wowote. Alinilaza sakafuni, akaniwekea pasi ya makaa, baridi, juu ya tumbo, na kazi yangu ilikuwa kuipandisha na kuishusha kwa pumzi bila kutikisa kifua. Alinifundisha kwamba sauti ya mwanamke ina vyumba viwili, sauti ya kifua kwa chini na sauti ya kichwa kwa juu, na kati yao pana kizingiti. Mwimbaji aliyefundishwa hukivuka mtu asijue. Asiyefundishwa hujikwaa, na aliyelazimishwa kukaa chumba cha chini miaka mingi hubeba uzito wa kifua mpaka juu ya kizingiti, koo likakakamaa, na ile milango ya juu ikafungwa. "Mwaka moja zaidi pale," aliniambia, "na wewe usingepata kitu tena."

Majirani walitutania sana. Nikipanda juu kabisa, mama mmoja wa nyumba ya pili alifungua dirisha akauliza, "Leo mwamchinja nani?" Adhana ya alasiri ikianza, Miss Olinda alifunga kifuniko cha piano akangoja imalizike, kwa sababu, alisema, mtu haimbi juu ya sauti ya mtu mwingine. Alfajiri alinipeleka ufukweni, barabara ya Mama Ngina, kabla wauza mihogo hawajafika, nikauimbia upepo wa bahari ili nijifunze kutopiga kelele. Ukipiga kelele upepo hukunyang'anya. Ukiitegemeza sauti kwa tumbo, inapita. Zoezi la pumzi nililibuni mwenyewe baadaye, nikalitumia kwa wanafunzi wangu tukitoka safari: tukikaribia Kibarani, enzi zile lilipokuwa jaa la taka la mji mzima, kila mmoja avute pumzi na asiiachie mpaka tuvuke. Walijifunza haraka mno.

Baada ya miaka miwili na nusu niliimba oratorio mbele ya kanisa lile lile, mbele ya Kiongozi yule yule, kama soprano. Mke wa mkubwa alikuwa amehama na mumewe. Sitajisifu, lakini ile aria ya mwisho, yaani wimbo wa mtu mmoja ulio mrefu kuliko zote, niliiimba watu wakasahau kukohoa. Nilikuwa na furaha ambayo sijapata kuwa nayo tena. Kiongozi alikuja kunipa mkono.

"Umeimba vizuri," akasema. "Lakini sauti ya pili ilikosa mtu."

Hayo ndiyo niliyoambiwa. Nikaimba miaka kumi na mmoja tangu hapo: Nairobi mara nyingi, Dar es Salaam mara mbili, Unguja mara moja. Katika mji wangu mwenyewe niliitwa "yule wa kulia", kana kwamba noti za juu ni kilio. Halafu makanisa yakaanza kununua spika. Sina ugomvi na ngoma wala na vijana wanaoruka madhabahuni. Mungu hupokea vingi. Lakini mwimbaji aliyesomea miaka kupaza sauti bila kipaza sauti hana kazi mahali ambapo mtoto wa juzi anabonyeza kitufe. Oratorio ya Krismasi ilifutwa kwa tangazo la mistari miwili. Nilikuwa na cheti cha ualimu nilichokipata njiani, nikaomba kazi shule ya wasichana hapa kisiwani, na ndiko nilikomalizia miaka yangu ishirini na mbili ya mwisho.

Mwalimu Mkuu wa kwanza niliyefanya kazi chini yake alikuwa mwanamke mwenye akili nyingi na masikio machache. Siku ya kunipokea aliniambia waziwazi.

"Mwalimu Dama, wazazi wangu huniuliza hesabu na sayansi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza soprano. Niletee kombe la taifa, nitakuachia vipindi vyako. Usipoleta, chumba cha piano nakigeuza maabara."

Basi nikawa mtu wa makombe. Tamasha la muziki la shule lina ngazi zake, kuanzia mtaani mpaka taifa, na waamuzi wake husikiliza jambo moja kwanza: je, sauti zote zimekaa sawa? Shule nyingi huanguka kwenye sauti ya pili. Nilijua hilo, na Mwalimu Mkuu alijua kwamba ninajua.

Rukia alikuja Kidato cha Kwanza. Sikumtafuta. Nilikuwa nasahihisha madaftari, nikasikia msichana akimwita mwenzake kutoka ng'ambo ya uwanja, "Naimaaa!", juu kabisa, wazi, bila koo kushtuka. Kalamu ilinianguka. Nilimwita, nikampigia noti moja moja kwenye piano, akapanda nami mpaka nikaogopa kuendelea. Hakuwa na kizingiti. Miaka yote ya kufundisha sijamwona mwingine aliyezaliwa hivyo.

Watu wao ni wa Mji wa Kale tangu mababu. Babake alikuwa amefariki, na mamake, Bi Khadija, alikuwa akishona kofia za vito, zile zinazotariziwa kwa mkono. Nilikwenda kwao kuomba ruhusa ya kumfundisha kila Jumamosi, maana Nairobi kulikuwa na chuo kilichochukua msichana mmoja mmoja kutoka mikoani, kikamsomesha uimbaji na ualimu wa muziki mpaka akatoka na cheti. Nilimtaka Rukia aende huko. Nilimtaka kwa uchungu, kwa sababu mimi sikupata.

"Masalkheri, Bi Khadija."

"Alkheri, mwalimu. Karibu kiti." Alinipa kahawa na kaimati, akaniacha ninywe kwanza. Kisha akasema, "Mwanangu sikumzaa akaimbe mbele za watu. Kwetu twaimba arusini, wanawake kwa wanawake, tukimaliza tumemaliza. Lakini amenambia hino ni elimu, ina chuo na cheti, na Nairobi yuko dadangu atakayemweka. Basi mimi nakupa. Ni amana."

"Nimeipokea, Bi Khadija."

"Nisije nikaya kukuuliza."

Mwaka mzima tulifanya kazi kama nilivyofanyiwa. Pasi tumboni, ngazi za noti, aria ndogo ndogo. Na kwa kuwa alikuwa mwepesi, nilimfundisha kusoma solfa na kisha noti za mistari, akawa anasoma kama mtu asomaye barua ya nyumbani. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, ingawa si kosa. Wasomaji wangu wawili wa sauti ya pili walihamia shule nyingine muhula mmoja, na tamasha lilikuwa wiki saba mbele. Nilisimama mbele ya kwaya nikasikia sauti ya pili ikiyumba. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amekaa Mwalimu Mkuu, amekuja kusikiliza, mikono kifuani.

Nikasema, "Rukia, nenda ya pili. Muhula huu tu."

Nataka mwelewe kwamba sikusahau. Watu hupenda kusema walisahau. Neno lilipokuwa likinitoka nilimwona yule mwanamume mfupi na kalamu zake tatu, nikaendelea kulitamka. Nilijiambia kwamba mtoto ni mdogo, koo lake ni laini, litarudi. Tulishinda kombe la mkoa. Mwaka uliofuata nilijiambia tena muhula huu tu, na tukashinda la taifa. Mwalimu Mkuu aliagiza piano ije irekebishwe, akainunulia kwaya sare. Jumamosi zetu zikaliwa na mazoezi.

Siku moja Rukia alibaki nyuma wenzake walipotoka.

"Mwalimu, nikimaliza kuimba siku hizi nasikia kama nimemeza mwiba."

"Kunywa maji ya moto na asali," nikamwambia. "Tukirudi kutoka tamashani Nairobi tutalitazama."

Tuliporudi hatukulitazama. Kwa kwaya ya wasichana arobaini wasiosoma, yeye ndiye aliyekuwa nguzo ya sauti ya pili, na aliibeba kwa kifua, kwa nguvu, miaka mitatu, katika umri ambao koo linajifunga litakavyokaa maisha yote.

Mtahini wa chuo alikuja Mombasa Rukia akiwa Kidato cha Nne. Nilikuwa nimempa miezi miwili ya kumrudisha juu, miezi miwili kwa miaka mitatu, nikijidanganya kwamba inatosha. Mtahini alikuwa mwanamume mpole. Chumbani tulikuwa watu watatu, yeye mezani, Rukia amesimama, amevaa buibui safi, na mimi kwenye piano. Aria ilianza vizuri. Chini alikuwa mzuri mno, na hilo lenyewe lilinitisha. Alipofika kizingitini, ambacho siku ile uwanjani hakikuwapo, nilimsikia akibana. Akavuka kwa kusukuma. Noti ya juu ilitoka vipande viwili. Akarudia, kama nilivyomfundisha afanye, na mara ya pili haikutoka kabisa, ilitoka pumzi tu.

Mtahini aliweka kalamu chini. Hakukasirika. Alisikitika, na afadhali angekasirika.

"Hii ilikuwa soprano," akasema. "Nani amekuwa akimfundisha mtoto huyu?"

Nilitazama mikono yangu. Ilikuwa bado juu ya piano. Kulikuwa na nafasi ya kusema neno moja, mimi, na wala lisingemrudishia Rukia sauti yake, lakini lingekuwa kweli. Niliogopa. Niliogopa aandike jina langu kwenye karatasi zake, niliogopa chumba changu cha piano, niliogopa kuonwa na mtu wa kazi yangu nilivyo.

"Hakuna," Rukia akasema. "Nimejifunza mwenyewe."

Alikuwa na miaka kumi na minane. Nje, Bi Khadija alikuwa amekaa kwenye benchi na chupa ya chai. Akatutazama wote wawili. Rukia akamwambia, "Sikuwa tayari, mama," na mamake akafungua chupa akatumiminia chai, mimi wa kwanza, kwa heshima ya mwalimu. Niliinywa. Hakuja kuniuliza, wakati huo wala baadaye, mpaka Mungu alipomchukua.

Niliendelea kufundisha miaka kumi na mmoja baada ya hapo. Walikuja Walimu Wakuu wengine wawili. Yule wa kwanza kati yao alitaka kwaya iimbe nyimbo za kukaribisha wageni wa serikali, na wa pili alikuwa akinipitia korido ananiita "Mama Do Re Mi" mbele ya wanafunzi. Sikumweka tena soprano yeyote sauti ya pili, na kwa hiyo hatukushinda tena, na kwa hiyo vipindi vya muziki vilipunguzwa mpaka kimoja kwa wiki, Ijumaa mchana, wakati wasichana wengi wamekwenda swala. Sidai sifa kwa hilo. Ukishachoma nyumba ya mtu, kuzima jiko lako si wema.

Siku ya kustaafu walinipa saa ya ukutani na shuka. Mgeni wa heshima alisema nimelea vipaji. Makombe yalipangwa mezani na kitambaa chini yake, na lile la taifa lilikuwa katikati, limeng'arishwa. Nilipigwa picha nalo. Vijana, mkiona picha ya mwalimu mzee amekumbatia kombe, msimwonee wivu kabla hamjajua ndani mna nini.

Sasa nakaa chumba kimoja Mji wa Kale, na nina piano ndogo ya umeme, na watoto wanne au watano huja wakati wao. Mwaka jana, Jumamosi moja baada ya alasiri, Rukia alibisha hodi. Nilimjua kabla sijamwona, kwa sababu hata kuzungumza sauti yake ina mkwaruzo. Ni karani katika ofisi ya kugomboa mizigo bandarini. Alikuwa na binti wa miaka kumi na mitatu, Nasra.

"Mtoto huyu ataka kuimba," akasema. "Sitaki ende kwa mtu mwengine. Wewe wajua."

"Najua nini, Rukia?"

"Wajua paharibikapo." Hakusema kwa ukali. Akavuta kiti, akakiweka ukutani. "Lakini mimi nitaketi hapa."

Akaketi. Kila Jumamosi aliketi pale, pochi mapajani, hakuondoa macho. Nilifundisha kama sijawahi kufundisha. Nasra alikuwa msikivu, tena alijifunza kusoma noti kwa wiki chache, mpaka nikaogopa. Nilimpandisha polepole, nikamshusha polepole, nikampa wiki, nikampa nyingine. Nilitamani nisikie nisichokuwa nakisikia. Mtoto huyu, chini, ana sauti nzito, yenye joto, ya kukufanya ukae kimya, na akipanda inakonda kama uji uliozidishwa maji. Si kwa kuharibiwa. Ndivyo alivyoumbwa. Ni alto, alto wa kweli, ambao ni adimu kuliko soprano, na akitunzwa huko huko chini atakuwa kitu kikubwa.

Kulikuwa na njia rahisi. Ningemwambia mamake kwamba ni soprano, akafurahi, na labda siku moja akaacha kuketi kwenye kiti kile. Nilikaa na wazo hilo wiki moja, na nalitaja kwa sababu nimekusudia kutoficha. Jumamosi ya sita nikasema.

"Rukia, Nasra ni sauti ya pili."

Alimtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Asoma noti?"

"Anasoma vizuri sana."

"Nalijua." Akainuka. "Nalijua tu."

Nikamwomba aketi. Nikampigia Nasra noti za chini, akaimba, na chumba kikajaa. Nikampandisha, sauti ikakonda. Nikasema, "Umesikia? Umesikia mwenyewe?"

"Nasikia," akasema. "Hata mimi ulinambia vivi hivi, mwalimu. Na uso uu huu."

"Kwako nilisema uongo. Niliona kombe, nikasema uongo, na siku ya mtahini nikanyamaza. Kwake nasema kweli, Rukia. Wallahi nasema kweli."

Alikuwa ameshamfunga mtoto mtandio vizuri. Sijui alingoja miaka mingapi nimwambie yale ya kwanza. Aliyasikia, nikaona yamemfika, kisha akasema, "Na mimi nitaitambuaje ya kweli na ya uongo, nawe waisema kwa kinywa kimoya?"

Ualimu wote wa sauti ni mtu kumwamini mtu mwingine kuhusu kitu asichoweza kukiona, kilichomo ndani ya shingo yake. Ukiitumia imani hiyo vibaya mara moja, huwezi kuchagua ni lini haitakuwapo. Walishuka ngazi, na mimi nikabaki na kile kiti ukutani.

Nilisikia baadaye kwamba Rukia amempeleka Nasra kwa mwalimu mwingine, kijana hodari ambaye amemweka sauti ya kwanza kwa sababu mama ndivyo atakavyo. Nilivumilia miezi miwili, kisha nikapiga simu kwao. Aliipokea Nasra, akaniamkia vizuri, mtoto mwenye adabu. Nikamuuliza mazoezi yanaendeleaje. Akasema yanaendelea vyema, wanajitayarisha kwa tamasha. Nikamuuliza na koo, je?

"Laniuma kidogo nikipanda," akasema. "Lakini mama amesema nikiulizwa na wewe, nisikwambie."